Saba kwa Kumi

Nilimuuliza kama nilivyofundishwa:
"Mama, kati ya sifuri na kumi,
maumivu yako ni ngapi?"
Bi Sikudhani wa Mbagala Kizuiani
alinitazama kama mteja
anayetaka kupimiwa vitumbua kwa rula.
"Ngapi ya nini, mwanangu? Ya fungu au ya kilo?"

Nikaandika saba.
Uso wake ulikuwa kama wa saba.
Chini yake, kwa mwandiko mzuri:
Mgonjwa hafuati masharti ya dawa.
Nikafunga faili. Nikajiona daktari.

Alhamisi Dokta Mshangama alituita
chumba cha mwisho, kule Upanga,
ambako kiunzi cha mifupa ya plastiki
kimevishwa kofia ya mtu aliyehitimu zamani.
Hakuleta picha za mapafu. Alileta chaki.
Akaandika ubaoni: KUUMA.
"Nipeni ndugu zake."

Kimya. Sisi tuliokariri
neva kumi na mbili za fuvu kwa Kilatini.

Kisha Kabula, kutoka nyuma: kuchoma.
Mwingine: kunyonga.
Kusokota, tumboni.
Kukereketa, kooni.
Kuchonyota, ndimu ikigusa kidonda.
Kufukuta, moto usio na moshi.
Kutoneka, pale kilicholala kinapoamshwa.
Na kupwita.
Hapo akasita, akagonga ubao kwa kidole,
pwi, pwi, pwi.
"Mkilisikia hili, simameni.
Kinachopwita kina mpangaji ndani."

Ubao ukajaa. Nikaona haya:
lugha niliyonyonya nayo ilikuwa na zahanati nzima,
mimi nikaenda wodini na rula.

Nilirudi kitanda cha kumi na tisa bila kalamu.
Mikono haikujua pa kukaa.
"Mama, mguu unafanyaje?"

"Ehee," akasema. "Sasa umeuliza.
Huku juu hauniambii kitu, umekufa ganzi,
pigilia msumari ukitaka.
Ila hapa chini, usiku, taa zikizimwa,
unapwita.
Kama mtu anayebisha hodi
na anajua nimo."

Na sindano?
Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua.
Kwa mazoea nikahesabu: sekunde arobaini.

"Dawa ya sukari inataka baridi.
Friji la jirani ni la baa.
Mume wangu ana miezi mitatu kaburini,
nimekaa eda.
Nipite katikati ya makreti, muziki unalia,
niseme naomba kichupa changu?"

Hafuati masharti!
Alikuwa akifuata masharti.
Hayakuwa yangu tu.

Usiku ule nilimwamsha Dokta Rwechungura.
Alibonyeza, akanusa, hakunigombeza.
Usaha ulitoka nusu kikombe,
vidole viwili vikaenda nao.
Mguu ulibaki.

Sisemi neno liliuokoa. Kisu kiliuokoa,
na dripu, na nesi Mwanaheri
aliyeshika taa ya simu umeme ulipokatika.
Neno lilibisha hodi tu.

Fomu yetu ina mstari mmoja wa "Maelezo."
Nilikata saba, nikakata hafuati,
nikageuza karatasi wima
nikaandika pembeni, kama mtoto wa darasa la pili:
eda, baa, friji, mtungi wa maji na mchanga badala yake,
shemeji aulizwe.
Asubuhi bosi wa wodi akainua faili:
"Hii insha ni ya nani?"
Nilinyoosha mkono. Ulitetemeka kidogo.

Siku ya kuruhusiwa,
akiwa kwenye kiti cha magurudumu
na mfuko wa Rambo wenye kandambili moja,
Bi Sikudhani alinishika kiganja:
"Na wewe, daktari? Macho yako hayalali.
Unaumwa wapi, na panafanyaje?"

Nikafungua mdomo.
Namba ilikuja kwanza.
Nikaimeza, nikavuta kigoda.